IPA inayosifiwa na kila mtu, mimi nimekuta harufu ya boksi lililolowa. Tatizo ni bia, safari au pua yangu?

Kizibo_Kipya (#1)
Wakuu, salaam. Nina miezi mitatu tangu nianze kuonja bia za viwanda vidogo kwa makini, kabla ya hapo nilikuwa nakunywa tu. Wiki iliyopita nimebadilishana na mtu kwa mara ya kwanza. Nilituma chupa mbili za stauti, ile bia nyeusi, nikapokea makopo manne ya IPA yenye ukungu (India Pale Ale, bia yenye hopsi nyingi, yaani maua yanayoipa bia uchungu na harufu), ile ambayo kila aliyeionja anataja embe, pasheni na balungi. Nilifungua kopo usiku uleule mzigo ulipofika. Embe sikuliona. Nilipata harufu ya boksi lililolowa maji, na utamu kama wa asali iliyokaa sana. Rangi nayo inaelekea kahawia, wakati picha zote nilizoona ni njano ya kung'aa.

Nina maswali mawili. La kwanza: bia imekufa, safari imeiua, au pua yangu haijafunzwa? La pili: mtu mpya anaingiaje kwenye kubadilishana chupa bila kutapeliwa na bila kuwachosha wenzake? Sina chupa adimu hata moja.

Pua_Kali (#2)
Karibu sana. Pua yako ni nzima, usiitilie shaka. Hiyo harufu ya boksi ndiyo inayotajwa zaidi bia inapozeeka, na kemikali inayohusishwa nayo inaitwa trans-2-nonenali. Binadamu anaihisi hata ikiwa chini ya sehemu moja katika bilioni. Utamu wa asali na rangi kuwa nzito vinakwenda pamoja nayo. Oksijeni imeshaila hiyo bia. Geuza kopo, angalia chini kuna tarehe gani.

Kizibo_Kipya (#3)
Asante mkuu. Chini hakuna tarehe. Kuna herufi mbili, kisha 132, basi.

Mwenye_Daftari (#4)
132 ni siku ya 132 ya mwaka, yaani Mei 12, au Mei 11 kama mwaka ni mrefu. Viwanda vingi huandika hivyo badala ya tarehe kamili. Kama ni ya mwaka huu, bia yako imeshatimiza miezi minne. IPA yenye ukungu ya miezi minne ni mzee wa kijiji.

Zoea pia kutofautisha tarehe ya kujazwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ya pili haikuambii bia ina umri gani, kwa sababu kila kiwanda kinajipangia muda wake: kimoja kinaipa miezi mitatu, kingine mwaka mzima.

Tangi_Namba_Saba (#5)
Hapo kwa #4 tusikimbilie. Si kila tarakimu tatu ni siku ya mwaka. Nimefanya kazi ya kujaza makopo, na sisi tulikuwa tunapiga namba ya toleo, ambayo haikuwa na uhusiano wowote na kalenda. Mleta uzi awaulize kiwanda chenyewe. Wengi hujibu ukiwatumia picha ya chini ya kopo.

Mfungaji_Boksi (#6)
Mimi naona safari. Wauza bia wana kanuni yao ya 3-30-300: siku 3 kwenye joto la nyuzi 32, siku 30 kwenye nyuzi 22, na siku 300 kwenye nyuzi 3 huichosha bia kwa kiasi kinachokaribiana. Sasa fikiria boksi limekaa ndani ya gari la vifurushi tangu Ijumaa hadi Jumatatu, jua kali, milango imefungwa. Bia inaweza kuwa na wiki mbili tu tangu itoke kiwandani na ikafika imezeeka.

Hamira_Hai (#7)
Mfungaji, kanuni hiyo ni ya kukadiria tu, na ilitungwa watu wakifikiria laga. Harufu za hopsi zinaondoka mapema zaidi. Mimi ni mtengenezaji wa nyumbani mwaka wa tisa huu, na ninachokiogopa kuliko joto ni oksijeni inayoingia wakati wa kujaza. Kopo likijazwa vibaya, hata ukilitunza kwenye friji tangu siku ya kwanza litakufa tu. Na IPA zenye ukungu ndizo dhaifu zaidi, kwa sababu zina hopsi nyingi sana zilizowekwa baada ya kuchachuka, na oti na ngano nyingi ndani. Nimemwaga lita 19 za kwangu kwa ajili hiyo. Siku ya tano ilinukia vizuri ajabu, siku ya ishirini ilikuwa rangi ya chai ya rangi na haina harufu ya maana.

Mtaa_wa_Pili (#8)
Mbona hakuna aliyetaja mwanga? Bia ikipigwa na jua inaharibika, hilo tunalijua wote.

Pua_Kali (#9)
Mtaa_wa_Pili, soma #1 tena, ni kopo hilo. Mwanga haupiti kwenye alumini. Na mwanga hauleti harufu ya boksi, unaleta harufu ya kicheche. Asidi za uchungu wa hopsi zinavunjika na kutoa kemikali ya salfa, inayofanana na ile ya wanyama wa jamii hiyo. Chupa ya kijani na ile nyeupe haziizuii vya kutosha. Ya kahawia inazuia sehemu kubwa, ila si yote.

Mtaa_wa_Pili (#10)
Nimesahihishika. Ila kumbe ndiyo maana zile za chupa ya kijani huwa zinanukia vile! Miaka yote nilidhani ndiyo ladha yake.

Pua_Kali (#11)
Wengi wamezizoea hivyo hadi wanazipenda. Nunua bia moja iliyo kwenye kopo na kwenye chupa ya kijani, zionje kwa pamoja. Ni somo zuri kwa mtu anayeanza, na halihitaji bia adimu.

Nyangumi_Mstaafu (#12)
Nijibu swali la pili la mleta uzi, maana limeachwa. Nimebadilishana kwa miaka saba. Nimepata nilichotamani karibu chote, na sehemu kubwa sikuifurahia kama nilivyodhani, kwa hiyo haya nayasema kwa moyo.

Usianze na kutafuta "nyangumi". Hilo ndilo jina la chupa zinazotafutwa na kila mtu: stauti za pipa (zilizokaa kwenye mapipa ya wiski) zilizotoka mara moja, lambiki (bia chachu za Ubelgiji) za matoleo machache. Mtu mpya akitangaza anatafuta nyangumi na hana cha kutoa, hajibiwi, au anajibiwa na tapeli. Anza kwa kutoa kile ambacho kwako ni cha kawaida na kwa mwenzako hakifiki. Viwanda vidogo vingi haviuzi mbali na vilipo, kwa hiyo kopo unaloliona kila wiki ni geni kabisa kwa mtu wa upande mwingine. Mwambie ukweli: hiki napenda, kilijazwa lini, kimekaa wapi.

Pimeni thamani kwa bei ya dukani, si kwa bei ya walanguzi. Hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia: mmoja anahesabu alichotoa mfukoni, mwingine anahesabu kile ambacho angeuzia. Kubalianeni kipimo kabla ya kutaja chupa.

Mgeni hutuma kwanza. Inauma, lakini ndiyo desturi, kwa sababu huna rekodi. Kama mwenzako naye ni mgeni, tumeni siku moja na mpeane namba za kufuatilia mzigo. Ongeza kopo moja au mawili ambayo hamkuyapanga. Hilo kopo la ziada limenipatia marafiki kuliko chupa yoyote niliyoitafuta.

Kizibo_Kipya (#13)
Hii #12 naihifadhi. Mkuu, niliyebadilishana naye hakusema tarehe na mimi sikuuliza. Nimdai?

Nyangumi_Mstaafu (#14)
Mweleze, usimdai. Kuuliza tarehe ulikuwa wajibu wako. Mwambie kwa upole ulichokuta na umtumie picha ya rangi. Mtu mwema atajisikia vibaya na atakufidia mwenyewe. Asipojali, umejua ni mtu wa namna gani na hasara yako ni makopo manne.

Bi_Shayiri (#15)
Mimi sikubaliani na hiyo "mgeni hutuma kwanza". Nilituma kwanza, chupa sita, moja nimeitunza miaka mitatu. Yule mtu alikuwa na sifa nzuri kwa wengine ishirini na kitu. Hakutuma kitu hadi leo, na akaunti akaifuta. Sifa inaweza kujengwa kwa mabadilishano madogo madogo ili siku moja apige kubwa. Tangu hapo nabadilishana ana kwa ana tu.

Mwenye_Daftari (#16)
Pole sana Bi_Shayiri. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hifadhi mazungumzo yote, picha za chupa kabla ya kufunga, namba ya mzigo, tarehe. Haikurudishii chupa, lakini inamwokoa anayefuata.

Karani_wa_Sheria (#17)
Kabla hamjaendelea na mambo ya kutuma, jueni sheria ya mahali mlipo. Marekani, ambako utamaduni huu wa kubadilishana ulikua sana, shirika la posta la taifa haliruhusu kabisa kutuma pombe, na kampuni kubwa za vifurushi, UPS na FedEx, hupokea pombe kwa wenye leseni tu. Watu binafsi wengi hutuma hivyohivyo na kukaa kimya, lakini mzigo ukikamatwa au kupasuka huna pa kulalamika. Kuvuka mipaka ya nchi kuna ushuru juu yake. Kuuza bila leseni ni jambo lingine tena, zito zaidi. Na ambaye hajafikisha umri wa kisheria asihusishwe hata kupokea boksi.

Bi_Shayiri (#18)
Ndiyo maana nasema ana kwa ana. Kila mtu analeta chupa moja, mko sita au wanane, mnamimina kidogokidogo, mililita 60 hadi 90 zinatosha kwa mtu. Usiku mmoja unaonja bia nane na hujalewa. Kwa mtu mpya hakuna shule kama hiyo, kwa sababu unasikia mwenzako anataja karafuu na wewe unarudi kwenye glasi kuitafuta.

Pua_Kali (#19)
Hapo hapo ndipo penye hatari, Bi_Shayiri. Akishasema karafuu, kila mtu anaipata karafuu, hata isipokuwepo. Andika kwanza, ndipo mzungumze.

Kwa mleta uzi, haya ndiyo ninayofanya. Namimina na kunusa papo hapo, mara mbili tatu fupifupi, kwa sababu harufu nyepesi zinaondoka kwanza. Pua ikichoka nanusa mkono wa shati langu, inarudi. Nikimeza natoa pumzi puani, maana sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu inayopanda kutoka nyuma ya koo. Naandika kwa maneno ya vitu ninavyovijua: ndizi, karafuu, mahindi ya kuchemsha, siagi, tofaa bichi. Kila kimoja kina chanzo chake. Ndizi na karafuu kwenye bia ya ngano ya Ujerumani ni kazi ya hamira, zimekusudiwa. Siagi kwenye pilsna mara nyingi ni kasoro.

Waamuzi wa BJCP, mpango wa Marekani wa kuthibitisha waamuzi wa bia, ambao wamekuwepo tangu 1985, hutoa alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, uzito mdomoni 5 na hisia ya jumla 10. Mwonekano umepata 3 tu.

Tangi_Namba_Saba (#20)
Siagi si lazima iwe kosa la mtengenezaji. Inaweza kutoka kwenye mabomba machafu ya baa. Na kuna laga za Kicheki ambazo siagi kidogo inakubalika. Usimfundishe mgeni kuhukumu mapema.

Pua_Kali (#21)
Ndiyo maana nimesema "mara nyingi" mkuu.

Glasi_Safi (#22)
Jamani, glasi! Mleta uzi, ulinywea nini? Mapovu yakiganda ukutani mwa glasi ndani ya bia, glasi ina mafuta au sabuni. Sabuni inaua povu, na povu ndilo linalobeba harufu hadi puani. Suuza kwa maji mengi, iache ikauke yenyewe, usiifute kwa kitambaa. Na tumia yenye mdomo uliobana kidogo, umbo la tulipani.

Mtaa_wa_Pili (#23)
Mbona Heady Topper, IPA ya Vermont huko Marekani, ambayo ndiyo baba wa hizi zenye ukungu, kopo lake limeandikwa unywe kwenye kopo lenyewe?

Glasi_Safi (#24)
Limeandikwa, ndiyo. Nami kwa hilo napingana na walioitengeneza. Tundu la kopo ni dogo, pua iko nje.

Hamira_Hai (#25)
Hoja yao ni kulinda harufu isitoke kabla hujanywa, na kutomtisha mtu kwa mawingu na mashapo aliyoyazoea kuyaona kwenye bia mbovu. Wakati wanaanza kuijaza kwenye makopo mwaka 2011, bia yenye ukungu ilionekana uzembe. Chama cha watengenezaji wa Marekani kiliitambua kama aina rasmi mwaka 2018.

Mtaa_wa_Pili (#26)
Na huo ukungu unatoka wapi hasa? Hamira haijatua chini?

Hamira_Hai (#27)
Watu wanagawanyika. Mimi nasema ni protini za ngano na oti zikishikana na polifenoli za hopsi. Hamira ingekuwa ndiyo sababu, kopo likikaa wima mwezi mmoja lingekuwa limesafika juu, na mengi hayasafiki.

Tangi_Namba_Saba (#28)
Mengine yanasafika, nimeyaona. Inategemea kiwanda. Tulikuwa na moja iliyokuwa ukungu mtupu wiki ya kwanza, wiki ya sita unasomea gazeti.

Mwenye_Daftari (#29)
Tukiwa kwenye IPA: wale wanaosema ilibuniwa na Hodgson, mtengenezaji bia wa London, ili isiharibike safarini kwenda India, hadithi hiyo ina matobo. Hodgson aliuza bia nyingi kwa manahodha kwa sababu kiwanda chake kilikuwa Bow, karibu na bandari, na aliwakopesha. Bia nyingine zilifika India salama pia, na bia nyeusi iitwayo pota ilipelekwa kwa wingi. Watengenezaji wa Burton, mji mwingine wa Uingereza, wenye maji ya salfeti nyingi, walilichukua soko kuanzia miaka ya 1820. Hopsi nyingi zilisaidia kuhifadhi, hilo kweli, lakini hakuna aliyeketi siku moja akaibuni.

Karani_wa_Sheria (#30)
Ajabu ni kwamba bia iliyosifika kwa kuvumilia bahari miezi minne na zaidi, leo mjukuu wake anakufa ndani ya boksi kwa wiki moja.

Pipa_la_Mwaloni (#31)
Nimechelewa kufika. Mnamfundisha mgeni kwamba bia mpya ndiyo bora daima. Si kweli. Orval ya Ubelgiji inajazwa ikiwa na hamira ya Brettanomyces ndani ya chupa. Ikiwa mpya unapata hopsi, baada ya miezi sita au zaidi ni bia nyingine, kavu, ina harufu ya ngozi na zizi la farasi. Gueuze ndiyo usiseme: ni mchanganyiko wa lambiki ya mwaka mmoja, miwili na mitatu, iliyochachushwa na vijidudu vya hewani vya eneo la Brussels na bonde la Zenne, na bado inaishi miaka mingi chupani.

Nunua Orval tatu za tarehe moja. Kunywa moja leo, moja baada ya miezi minne, moja baada ya mwaka. Weka kwenye giza, wima, nyuzi kama 12. Utajifunza kuhusu umri kuliko kusoma nyuzi kumi kama huu.

Bi_Shayiri (#32)
Na stauti za pipa je? Mimi nazitunza.

Pipa_la_Mwaloni (#33)
Zenye asilimia 10 kwenda juu zinaweza, si zote. Kahawa na vanila hufifia mapema. Bourbon County, stauti ya kiwanda cha Goose Island cha Marekani, ambayo ilitangulia kabisa mambo ya mapipa ya wiski mwaka 1992, baadhi ya matoleo ya 2015 yaliingiwa na bakteria wa uchachu. Waliotunza walitunza siki.

Mwenye_Daftari (#34)
1992 ndio mwaka uliotajwa na kiwanda chenyewe kwa muda mrefu. Waliochimba kumbukumbu baadaye wameona ushahidi unaelekea 1995. Hiyo ya 2015 ni kweli, kampuni ilirudisha fedha kwa walionunua, na tangu toleo la 2016 wakaanza kuipasha joto kuua vijidudu.

Pipa_la_Mwaloni (#35)
Nimekubali. Nitaacha kusema 1992 kwa uhakika.

Karani_wa_Sheria (#36)
Na Goose Island si kiwanda kidogo, kilinunuliwa na AB InBev, kampuni kubwa ya bia, mwaka 2011. Kwa tafsiri ya chama cha Marekani, ukimilikiwa robo au zaidi na kampuni kubwa isiyo ya aina hiyo, umetoka.

Nyangumi_Mstaafu (#37)
Ulimi haujui mwenye hisa ni nani. Lakini huo ni uzi mwingine, tusimpoteze mgeni.

Mfungaji_Boksi (#38)
Nirudi kwenye kufunga, maana mgeni atatuma tena. Selotepu kwenye kizibo, si kwa kubana sana. Chupa ndani ya mfuko wa nailoni unaofungika, ili moja ikipasuka isiloweshe lebo za nyingine. Plastiki ya vipovu mizunguko mitatu, shingoni na kitakoni zaidi. Boksi ndani ya boksi, karatasi zilizokunjwa katikati. Kisha litikise. Ukisikia chochote kinatembea, fungua uanze upya. Tuma Jumatatu, lisilale ghalani wikendi.

Bia zenye matunda mengi mabichi usitume kabisa kwenye joto. Sukari ya matunda inaendelea kuchachuka ndani ya kopo. Nililipokea boksi ambalo makopo mawili yalishapasuka na la tatu limevimba kama mpira. Nilivaa glavu na miwani kulitoa, na nawaomba mfanye hivyohivyo.

Kizibo_Kipya (#39)
Wakuu, nimerudi na majibu. Kiwanda kimejibu: 132 ni siku ya mwaka, ni ya mwaka huu. Kwa hiyo Mwenye_Daftari alipatia. Niliyebadilishana naye nimemweleza kama #14 ilivyosema. Anasema makopo yalikuwa kwenye friji lake muda wote, na ameahidi kunitumia mengine bila kuomba kitu.

Halafu nimepata kopo jipya la bia ileile kupitia ndugu aliyesafiri, la wiki mbili. Nikamwomba mke wangu animiminie glasi tatu bila mimi kuona, mbili za aina moja na moja tofauti. Nimefanya mara nne. Nimepatia mara tatu. Jipya lina embe, wakuu! Embe bivu kabisa, na ganda la balungi nyuma. Nilikaa nayo glasi hiyo nusu saa nikinusa tu.

Jambo moja limenichanganya. Nimefungua makopo mawili ya zamani yaliyobaki. Moja ni boksi lilelile. La pili halina boksi kabisa, limefifia tu, na bado lina pasheni kidogo. Boksi moja, toleo moja, friji moja, safari moja.

Hamira_Hai (#40)
Hongera! Na hilo la makopo kutofautiana ndilo nililolisema #7. Oksijeni ya kujazia haigawanyiki sawa kopo kwa kopo.

Mfungaji_Boksi (#41)
Au moja lilikaa upande wa boksi uliopigwa na jua. Lilikuwa la pembeni au la katikati?

Kizibo_Kipya (#42)
Sikumbuki nililitoa wapi. Mzigo ujao nitaandika namba kwenye kila kopo kabla ya kulitoa.

Tangi_Namba_Saba (#43)
Andika pia uzito wake kabla ya kufungua. Lililojazwa pungufu lina nafasi kubwa ya hewa juu. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha.